Miloš Forman: njia moja ya kazi, nchi mbili

Mkataba ulitaka filamu isiyopungua dakika 75. Filamu iliyokabidhiwa mwaka 1967 ilikuwa na dakika 73. Kwa upungufu huo Carlo Ponti, mtayarishaji tajiri wa Italia, alijitoa na kudai arudishiwe pesa zake, na mwongozaji wa Kicheki mwenye umri wa miaka 35 akaanza kusikia neno jela likitajwa. Dakika mbili zilikuwa kisingizio tu. Ponti aliiona filamu, ikamchukiza, akatafuta ndani ya mkataba mlango wa kutokea.

Mwongozaji huyo ni Miloš Forman, na filamu yenyewe ni Hoří, má panenko, yaani "Kunawaka moto, mpenzi wangu", kichekesho kuhusu kikosi cha zimamoto cha mji mdogo kinachoandaa dansi. Miaka minane baadaye Forman aliongoza filamu ya Marekani iliyonyakua Oscar zote tano kubwa, na mwaka 1984 akatoa Amadeus iliyochukua nane. Wanaosimulia habari zake humgawa vipande viwili: kwanza Mcheki wa vichekesho vya bei nafuu, halafu Mmarekani wa filamu kubwa. Mgawanyo huo unapotosha. Njia yake ya kufanya kazi na watu mbele ya kamera haikubadilika sana kutoka mwaka 1963 hadi 1999. Kilichobadilika ni chanzo cha hadithi, na kuna sababu.

Mtoto wa Čáslav

Forman alizaliwa tarehe 18 Februari 1932 huko Čáslav, mji mdogo mashariki ya Prague. Rudolf Forman, aliyemlea kama baba, alikuwa mwalimu. Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walimkamata mwaka 1940 kwa kusambaza vitabu vilivyopigwa marufuku, naye akafa kambini mwaka 1944. Mama yake, Anna, alifia kambi ya Auschwitz mwaka 1943. Mtoto akabaki yatima kabla ya kubalehe, akalelewa na ndugu na marafiki wa familia, akihamishwa kutoka nyumba moja hadi nyingine.

Hapa pana jambo linalowachanganya wasomaji. Wazazi hao wawili hawakuwa Wayahudi, lakini baadhi ya maandishi humwita Forman Myahudi. Akiwa mtu mzima, baada ya jina lake kuanza kuvuma, alipata habari kutoka kwa mwanamke aliyefungwa pamoja na mama yake kwamba baba yake wa damu ni Otto Kohn, msanifu majengo Myahudi aliyekimbia Wanazi na kuishia Ecuador. Ndivyo Forman alivyokuja kujua ana ndugu wa baba, Joseph Kohn, mtaalamu wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Princeton. Jina la Rudolf hakuliacha.

Baada ya vita alipelekwa shule ya bweni huko Poděbrady, iliyofunguliwa kwa ajili ya watoto waliofiwa na wazazi vitani. Walipita pale Ivan Passer, ambaye angekuja kuandika naye filamu, Jerzy Skolimowski, mwongozaji wa baadaye wa Poland, na Václav Havel, rais wa baadaye. Kisha akaingia FAMU, chuo cha filamu cha Prague kilichoanzishwa mwaka 1946. Huko alisomea uandishi wa skripti, si uongozaji, na mmoja wa walimu wake wa fasihi alikuwa Milan Kundera.

Kabla ya kushika filamu yake mwenyewe alikuwa msaidizi wa Alfréd Radok, mtu wa jukwaa na filamu, katika Laterna Magika: onyesho lililochanganya waigizaji hai na picha za sinema, lililovuma kwenye maonyesho ya dunia ya Brussels mwaka 1958. Mbunifu wa jukwaa la onyesho hilo, Josef Svoboda, atarudi katika habari hii miaka 25 baadaye.

Pesa ya serikali, jicho la serikali

Bila kuujua mfumo uliomlipa, huwezi kuelewa kwa nini kichekesho cha wazima moto kiligeuka kesi. Sinema ya Chekoslovakia ilitaifishwa kwa amri ya rais mwezi Agosti 1945, kabla hata wakomunisti hawajashika dola. Studio za Barrandov, kumbi, maabara za kusafishia filamu na usambazaji, vyote vikawa mali ya dola. Mwongozaji hakutafuta mfadhili. Alipeleka skripti kwa kikundi cha wahariri na watayarishaji ndani ya Barrandov, kikundi kikaitetea juu, na ikipita alipewa wafanyakazi, kamera na mshahara.

Faida yake ni kubwa kuliko wengi wanavyokubali. Mwongozaji kijana hakuulizwa tikiti ngapi zitauzwa. Aliulizwa mambo ya itikadi, na katikati ya miaka ya 1960 waliouliza walikuwa wamelegea, wengine walikuwa upande wake. Ndiyo maana katika miaka mitano au sita nchi ile ndogo ilitoa waongozaji kama Chytilová, Menzel, Němec, Passer na Forman kwa mkupuo. Hasara yake ilikuwa hii: pesa za serikali zikipotea, kosa halikuwa hasara ya biashara. Lilikuwa hujuma dhidi ya uchumi wa taifa, lenye adhabu ya kifungo.

Mkuu wa bendi anayecheza baba

Kilichomsukuma Forman ni uchovu. Filamu za serikali za miaka ya 1950 zilijaa wafanyakazi wenye nyuso safi wanaosema sentensi ambazo hakuna mfanyakazi aliyewahi kuzisema. Alitaka kuona watu kama walivyo. Mwaka 1963, pamoja na mpiga picha Miroslav Ondříček, alitoa kazi mbili fupi zilizounganishwa kwa jina Konkurs. Moja inahusu usaili wa waimbaji katika ukumbi wa Semafor wa Prague: wasichana wanapanda jukwaani mmoja baada ya mwingine, wengi hawana sauti, wote wana matumaini. Nyingine inahusu bendi za matarumbeta za mji wa Kolín.

Katika bendi hizo Forman alimpata Jan Vostrčil, mkuu wa bendi, mzee mwenye kitambi na sauti ya kuamuru. Hakuwahi kuwa mwigizaji. Mwaka 1964 Forman alimpa nafasi ya baba katika Černý Petr, filamu yake ndefu ya kwanza, inayomhusu kijana anayeajiriwa dukani kuvizia wezi na anayeona aibu kuwakamata. Vostrčil anamfokea mwanawe mikono ikiwa kiunoni, anaanza hoja, anaipoteza njiani, anairudia kwa sauti kubwa zaidi. Filamu ilichukua tuzo kuu ya tamasha la Locarno mwaka huo.

Wengi hudhani kwamba alifungulia kamera watu wa mitaani akawaacha wajisemee. Sivyo. Skripti iliandikwa yote, kwa kina, na Forman pamoja na wenzake, hasa Passer na Jaroslav Papoušek. Ila wasio waigizaji hawakupewa karatasi. Forman aliwaeleza hali kwa mdomo: uko wapi, unataka nini, mwenzako amefanya nini. Aliwaigizia tukio lenyewe na maneno yake, kisha kamera ikawashwa wakiwa bado na uchangamfu. Walichokumbuka walikisema kwa maneno yao. Walichosahau walikijaza kwa namna wanavyojaza nyumbani kwao.

Sababu ya kuwanyima karatasi ni ya kiufundi. Mtu asiye mwigizaji akikariri, macho yake huonekana yanasoma. Husubiri zamu yake ya kusema badala ya kusikiliza, na kusikiliza ndiko kunakofanya uso uwe hai. Vilevile hapandi kwa mazoezi. Mwigizaji wa kazi anaweza kuwa bora mara ya nane kuliko ya kwanza, lakini mkuu wa bendi hufikia kilele mara ya kwanza au ya pili, na baada ya hapo huanza kumwiga yule aliyekuwa dakika tano zilizopita.

Ugumu unaofuata ni wa mhariri. Mtu akisema kwa maneno yake, hasemi vivyo hivyo mara mbili. Ukipiga upande wake leo saa nne na upande wa mwenzake saa sita, vipande havitashonana: mkono uliokuwa juu sasa uko chini, swali halilingani na jibu. Dawa ni kupiga pande zote mbili kwa wakati mmoja kwa kamera zaidi ya moja, au kuweka kamera mbali na kutumia lenzi ndefu ili watu waisahau. Njia zote mbili zinakula mkanda na kumpa mhariri mlima wa kuchambua.

Na watu wasio waigizaji peke yao hawatoshi, kwa sababu hawajui mwendo. Huacha kimya kirefu mno, hurudia, hupotea. Kwa hiyo Forman aliwachanganya na waigizaji wa kazi waliokuwa na subira, kama Vladimír Pucholt na Vladimír Menšík, nao wakafanya kazi ya mpiga msondo: anashika pigo, wengine wanacheza juu yake. Mwenye kisomo cha jukwaa naye hulazimika kupunguza madoido, maana akiigiza kupita kiasi mbele ya mtu asiyeigiza, uongo wake unaonekana papo hapo. Si kila mwigizaji mzuri anaweza kazi hiyo. Mwenye kutegemea neno la mwisho la mwenzake ili ajibu, atasimama mdomo wazi.

Mfano bora uko mwishoni mwa Lásky jedné plavovlásky, ya mwaka 1965. Msichana wa kiwanda cha viatu anafunga safari hadi Prague kumfuata mpiga piano aliyelala naye usiku mmoja. Kijana hayupo. Wazazi wake, wasiomjua, wanamkalisha na hawajui wamfanye nini. Mama anachezwa na Milada Ježková, ambaye hakuwa mwigizaji, na baba na Josef Šebánek, mjomba wa Ondříček mpiga picha. Kijana anachezwa na Pucholt. Usiku wanaishia wote watatu, baba, mama na mtoto mkubwa, kitanda kimoja, wakigombania mto na blanketi na kulaumiana kwa kunong'ona, huku msichana akisikiliza nyuma ya mlango. Mama hanyamazi. Pucholt anatupa neno moja moja, kwa wakati wake, na mama anawaka upya kila mara. Kila kicheko kinazidi kumuumiza yule msichana, na hicho ndicho Forman alichokitaka. Filamu iliteuliwa kugombea Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni.

Shoka dogo

Hoří, má panenko ilizaliwa kwa bahati. Forman, Passer na Papoušek walikuwa wamejichimbia milimani kaskazini wakiandika skripti nyingine ambayo haikusonga. Jioni moja wakaenda kwenye dansi ya zimamoto katika mji wa Vrchlabí. Siku zilizofuata hawakuzungumza kingine, wakaitupa skripti ya kwanza. Walirudi Vrchlabí na kamera, wakapiga filamu humo humo, na wazima moto wa kweli wakijichezea wenyewe. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Forman ya rangi.

Kikosi kinataka kumzawadia mwenyekiti wake mstaafu, mzee wa miaka 86 mwenye saratani, shoka dogo la heshima. Pameandaliwa pia bahati nasibu na shindano la urembo. Usiku unavyokwenda, zawadi za bahati nasibu zinapungua mezani moja baada ya nyingine. Wasichana wa shindano wanakimbilia chooni kujificha. Katikati ya dansi nyumba ya mzee jirani inashika moto, na kikosi kinafika kikiwa kimechelewa. Mzee anatetemeka kwa baridi kwenye theluji, basi wanasogeza kiti chake karibu na moto unaoteketeza nyumba yake ili apate joto.

Kiini ni pale kamati inapoamua kuzima taa ili walioiba warudishe mali bila kuonekana. Taa zinazimwa. Zinapowashwa, Josef, mmoja wa wazima moto waliopewa kazi ya kulinda zawadi, anaonekana ameinama mbele ya meza na soseji kubwa ya nyama ya kichwa cha nguruwe mikononi. Mkewe ndiye aliyeichukua. Yeye alitaka kuirudisha. Anazimia. Kamati inajifungia chumbani kujadili, na hasira yote haiendi kwa walioiba. Inamwendea aliyerudisha, kwa sababu ameaibisha kikosi. Angekaa kimya, jina la kikosi lingebaki safi. Mwenyekiti anayesimamia mjadala huo ni Vostrčil, yule yule mkuu wa bendi. Mwishowe mzee wa saratani anakabidhiwa kasha, anashukuru kwa maneno ya adabu, analifungua: shoka nalo limeibiwa.

Hakuna mtu anayetaja chama wala serikali katika dakika zote 73. Haikuhitajika. Watazamaji wa mwaka 1967 waliijua kamati ya namna hiyo, na wakubwa nao walijua inawahusu. Rais Antonín Novotný alikasirika. Kwa simulizi ya Forman, ulipangwa mkutano Vrchlabí ili wenyeji waikane filamu hadharani, wao wakaitetea. Vikosi vya zimamoto nchini vilinung'unika, na Forman ikambidi azunguke kuwaeleza kwamba hadithi haikuwa juu ya zimamoto.

Ndipo suala la Ponti lilipogeuka hatari. Yeye alikuwa ameweka dola, fedha ambayo serikali ya kikomunisti iliihitaji kuliko kitu kingine. Alipotaka zirudi, aliyeonekana kuipotezea nchi fedha za kigeni ni mwongozaji. Forman alisema baadaye kwamba angeweza kufungwa hadi miaka kumi. Alikwenda Paris, na François Truffaut na Claude Berri wakanunua haki za kuionyesha nje. Deni likalipwa, kesi ikafa. Filamu ilionyeshwa nyumbani, ikateuliwa Oscar, kisha baada ya uvamizi wa Agosti 1968 ikafungiwa kabatini.

Kuhusu kuondoka kwake, husemwa kwamba alitoroka. Ukweli una makunjo zaidi. Majeshi ya Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi wa nchi za kikomunisti, yalipoingia Prague, Forman alikuwa Paris akijiandaa kwa filamu ya Marekani. Baada ya hapo alirudi na kutoka tena. Passer alisimulia kwamba mwanzoni mwa 1969 walifika mpakani wawili bila hati kamili, ofisa akamtambua Forman, akaanza kuzisifu filamu zake, akawafungulia. Kilichofuata kilikuwa barua ya kazi: studio ya Barrandov ilimfukuza kwa kukaa nje kupita ruhusa. Mkewe Věra Křesadlová, mwimbaji aliyemkuta wakati wa Konkurs, alibaki Prague na watoto wao mapacha.

Somo la Taking Off

Filamu yake ya kwanza Marekani, Taking Off ya mwaka 1971, ni jaribio la kuhamisha kila kitu kama kilivyo: hadithi ya kubuni kutoka mitaani, nyuso zisizojulikana, hata usaili wa wasichana waimbaji, uliorudiwa karibu kama ulivyokuwa katika Konkurs. Ilipata tuzo Cannes. Sinemani iliporomoka, na Forman alisema hesabu zilipofungwa, yeye ndiye aliyekuwa akidaiwa na studio dola 500. Akakaa katika Hoteli ya Chelsea, New York, akiwa hana kazi wala raha.

Alichojifunza ni sahihi, na wahamiaji wengi wa sanaa hawakijifunzi. Njia yake ilihitaji sikio: kujua ni neno gani mzee wa Kolín hulisema akikasirika, na kwa nini linachekesha. Sikio hilo hujengwa utotoni. Kwa Kiingereza hakuwa nalo. Kwa hiyo aliacha kubuni hadithi. Kuanzia hapo karibu kila filamu yake ilitoka kwenye riwaya, tamthilia au maisha ya mtu aliyepata kuishi. Maneno aliyachukua kwa wenyeji. Alichobakiza ni kile alichokijua bila lugha: uso unaosikiliza.

Wodi ya Salem

Hadithi ya kitabu kilichopotea posta ni ya kweli kwa kadiri wahusika wote walivyoisimulia. Kirk Douglas, aliyeshika haki za One Flew Over the Cuckoo's Nest, riwaya ya Ken Kesey kuhusu wodi ya wagonjwa wa akili, alikutana na Forman Prague miaka ya 1960 na kuahidi kumtumia kitabu. Alikituma, hakikufika. Kila mmoja alimwona mwenzake hana adabu. Miaka kumi baadaye mwanawe Michael Douglas, akitayarisha filamu hiyo pamoja na Saul Zaentz, alimtafuta Forman bila kujua habari ya kwanza. Bei yake wakati huo ilikuwa nafuu, jambo lililosaidia.

Forman alidai hospitali ya kweli. Wakapewa ile ya serikali ya Oregon, mjini Salem. Waigizaji walikaa ndani ya wodi kabla ya kuanza, wakiwatazama wagonjwa, na baadhi ya wagonjwa walipewa kazi ndogondogo kwenye utengenezaji. Mkurugenzi wa hospitali, Dk. Dean Brooks, alipewa sehemu ya daktari. Mahojiano ya kwanza kati yake na Jack Nicholson ni Vostrčil mtupu: Brooks anauliza kama anavyomuuliza mgonjwa yeyote mpya, Nicholson anajibu, sehemu kubwa ikiwa haijaandikwa. Tazama jinsi Nicholson, mwigizaji wa kazi, anavyomngoja daktari amalize kupekua faili. Ndiye Pucholt wa tukio hilo.

Vikao vya wagonjwa na Muuguzi Ratched, anayeitawala wodi, vilipigwa kwa kamera zaidi ya moja zikienda pamoja, waigizaji wote wakiwa kwenye viti hata wale wasio na la kusema. Hakuna aliyejua ni lini anapigwa. Matokeo ni kwamba hakuna aliyeweza kupumzika nje ya uhusika, na mhariri alipata hazina ya nyuso. Hasara ni ile ile ya Kolín: mkanda mwingi na taa zinazolazimika kufaa kila upande, kitu ambacho wapiga picha hawakipendi. Haskell Wexler aliondolewa katikati ya kazi, nafasi yake ikachukuliwa na Bill Butler. Filamu ilipigwa kwa kiasi kikubwa kwa mpangilio wa hadithi, safari ya uvuvi ikaachwa hadi mwisho.

Oscar ya filamu bora, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, wa kike na skripti: tangu 1934 hakuna filamu iliyokuwa imezikusanya zote tano. Na wasomaji wa Kimarekani waliokuwa wakiona kitabu kile kama fumbo, Forman aliwaambia kwamba kwake si fumbo. Chama cha Kikomunisti ndicho kilichokuwa Muuguzi Ratched wake.

Kurudi Prague kwa mishumaa

Hair ya 1979 na Ragtime ya 1981 ni kazi safi, ila hazitutolei jipya kuhusu njia yake. Mwaka 1977 alikuwa ameshapata uraia wa Marekani, na kuanzia 1978 alifundisha Chuo Kikuu cha Columbia akiwa na František Daniel, aliyewahi kuongoza FAMU.

Amadeus ilitoka kwenye tamthilia ya Peter Shaffer, ambamo mtunzi Salieri anamwonea wivu Mozart hadi kudai kwamba amemuua. Forman na Shaffer walijifungia miezi minne nyumbani kwa Forman huko Connecticut wakiifumua na kuishona upya. Mozart akapewa Tom Hulce, Salieri akapewa F. Murray Abraham, wote si majina makubwa. Hoja ya Forman ilikuwa ile ya tangu mwanzo: ukimweka nyota, mtazamaji anamwona nyota, hamwoni Mozart. Historia ya kweli haimtambui Salieri kama muuaji, na anayetafuta wasifu wa Mozart humo atapotoka.

Prague ilichaguliwa badala ya Vienna kwa sababu ya kiutendaji. Ukomunisti haukuwa na pesa za kubomoa, kwa hiyo mitaa ya karne ya 18 ilikuwepo mizima, bila vioo vya maduka mapya. Zilijengwa sehemu nne tu: nyumba ya Mozart, chumba cha Salieri hospitalini, ngazi moja na ukumbi wa maonyesho ya kawaida. Opera zilipigwa katika ukumbi ule ule ambao Don Giovanni ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1787, jukwaa likibuniwa na Josef Svoboda wa Laterna Magika. Mavazi yalikuwa ya Theodor Pištěk, aliyepata Oscar. Ondříček akarudi nyuma ya kamera. Muziki ulirekodiwa kwanza, Neville Marriner akiongoza, kisha ukapigwa kwenye spika ili waigizaji waufuate. Mpangilio huo ndio unaowezesha picha kukatwa kwa mujibu wa noti.

Serikali iliyomfukuza ilikubali kwa sababu ya dola. Polisi wa siri nao walikuwepo. Forman alisimulia kwamba tarehe 4 Julai, ndani ya ukumbi uliojaa watu wa ziada, spika zilitoa wimbo wa taifa wa Marekani badala ya Mozart na bendera ikashuka. Ukumbi mzima ulisimama na kuimba, isipokuwa watu kama thelathini waliobaki wakitazamana. Kila mtu akajua ni akina nani.

Jambo lililowatia hofu zaidi ni moto. Ukumbi ni wa mbao, taa ni mishumaa halisi, na wazima moto walisimama pembeni ya jukwaa siku zote. Forman alisimulia kwamba nyoya la kofia ya mwigizaji lilipowaka katikati ya tukio, mzima moto hakuthubutu kuharibu picha. Alimwendea Forman na kumwomba kwa upole aseme kata, maana mwigizaji anaungua.

Waliobaki

Valmont ya 1989 ilimezwa na filamu nyingine iliyotoka mwaka mmoja kabla kutoka riwaya hiyo hiyo ya Kifaransa. The People vs. Larry Flynt ya 1996 ilichukua Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Berlin, na hapo wasio waigizaji wanarudi kwa wingi: Flynt mwenyewe, mchapishaji wa magazeti ya ngono, anacheza hakimu anayemhukumu Flynt, na James Carville, mshauri wa siasa, anacheza mwendesha mashtaka. Man on the Moon ya 1999 inawaleta waigizaji wa zamani wa kipindi cha televisheni kuigiza ujana wao. Forman alifariki tarehe 13 Aprili 2018 huko Connecticut.

Anayetaka kuanza, aanze na Hoří, má panenko; ni fupi, na tafsiri ya maandishi inatosha. Afuate Lásky jedné plavovlásky, kisha wodi ya Salem, akimtazama katika kila kikao yule ambaye hasemi. Amadeus aitafute ile ya mwaka 1984 ya dakika 160, iliyobanwa vizuri kuliko ile ndefu ya 2002. Goya's Ghosts ya 2006 inaweza kungoja.